Kakamega kwa siku moja: Namna ya kujichagulia matembezi nje ya ratiba ya msafara

MSAFARA wa kawaida wa watalii unaozuru Kakamega huwa na ratiba isiyobadilika sana. Basi huondoka Kisumu baada ya kiamshakinywa, husimama Ilesi ili abiria wapige picha mbele ya Jiwe Linalolia, huingia katika Msitu wa Kakamega yapata saa tano asubuhi, na watu thelathini huongozwa kwa pamoja katika njia moja kwa muda wa saa moja au mbili. Kisha huja chakula cha mchana na safari ya kurudi.

Ratiba hiyo ina faida zake. Mgeni hahangaiki kutafuta gari wala mwelekezi, na gharama zote hulipwa mara moja. Tatizo ni kwamba kufikia saa tano mbega wamekwisha kula na wanapumzika vileleni, ndege wamenyamaza, na wingu la mvua ya alasiri limeanza kujikusanya. Wengi hutoka msituni wakisema kwamba wameona miti.

Makala haya yanaeleza namna mtu mwenye siku moja, au mbili akijaliwa, anavyoweza kujichagulia matembezi ya Kakamega bila kufungwa na ratiba ya msafara, na ni wapi ambapo ni afadhali afungwe nayo.

Swali lenyewe si la Kakamega pekee. Abiria wa meli za kitalii zinazozuru mito ya barafu ya Alaska, nchini Marekani, hukabiliwa nalo kila meli inapotia nanga katika mji kama Juneau. Wana saa chache tu za kukaa nchi kavu. Anayenunua matembezi yanayouzwa melini kwa kawaida hulipa zaidi na hutembea na umati, lakini gari likichelewa meli humngoja. Anayejipangia mwenyewe huweza kuufikia mto wa barafu wa Mendenhall kwa gharama ndogo na kwa mwendo wake, ila akichelewa meli hung'oa nanga na kumwacha. Watalii wanaoshuka katika bandari ya Mombasa nao hufanya hesabu iyo hiyo: wapande gari lililopangwa na meli hadi Tsavo Mashariki, au wapatane na dereva wa mjini wazuru Ngome ya Yesu na Mji wa Kale.

Kakamega haina bahari. Hata hivyo, mgeni wake naye ana "meli" inayomngoja, nayo ni ndege ya jioni kutoka Kisumu au basi la usiku la kwenda Nairobi. Kila shauri litakalotolewa hapa linapaswa kupimwa kwa saa hiyo.

Tuanze na msitu, kwa kuwa ndio unaowaleta wageni wengi.

Msitu wa Kakamega ndio mabaki pekee nchini Kenya ya msitu wa mvua wa aina ile inayopatikana katika bonde la Kongo na Afrika Magharibi, na ndio ncha ya mashariki kabisa ya msitu huo. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1933. Eneo lililotangazwa lina ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 240, lakini msitu wa asili uliosalia ndani yake ni karibu nusu tu. Sehemu nyingine ni miti ya kupandwa, nyika ndogondogo, na ukanda wa majani ya chai uliopandwa pembezoni chini ya mpango wa Nyayo, ulioanza mwaka 1986, ili uwe mpaka kati ya mashamba ya watu na miti.

Humo mna zaidi ya aina 300 za ndege na aina zipatazo 400 za vipepeo. Wapo mbega weusi wenye manyoya meupe, kima wa kawaida, na kima wenye mikia myekundu. Yupo hondohondo ambaye mbawa zake husikika zikivuma kabla hajaonekana, na yupo shorobo mkubwa wa rangi ya buluu ambaye wapenzi wa ndege husafiri kutoka Ulaya kuja kumtazama. Wengi wa viumbe hawa jamaa zao wako Uganda na Kongo, si Maasai Mara. Kwa sababu hiyo, mgeni anayekuja akitarajia simba na ndovu amekosea njia, na ni vyema aambiwe mapema kabla hajatoa nauli.

Jambo ambalo misafara mingi haimwelezi mgeni ni kwamba msitu huu ni mmoja lakini una milango miwili na wasimamizi wawili.

Upande wa kaskazini ni Hifadhi ya Taifa ya Kakamega, iliyoanzishwa mwaka 1985 na ambayo husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Lango lake liko Buyangu, kilomita 15 hivi kutoka mjini, karibu na barabara kuu iendayo Webuye. Upande wa kusini uko chini ya Huduma ya Misitu Kenya (KFS), na kituo chake mashuhuri ni Isecheno, karibu na Shinyalu. Huko ndiko yaliko maeneo ya hifadhi asilia ya Isecheno na Yala, yaliyotengwa mwaka 1967.

Tofauti ya pande hizi mbili si ya karatasi tu. Kaskazini sheria ni kali: hakuna kuchunga ng'ombe wala kuokota kuni. Njia zake ni tulivu, na mgeni anaweza kupanda Kilima cha Buyangu akautazama msitu wote kutoka juu, kisha akateremka hadi kwenye maporomoko ya Mto Isiukhu. Anayependa kutembea kimya bila kukutana na mtu aende huko.

Kusini msitu una watu. Utawakuta akina mama wakitoka na mizigo ya kuni, watoto wakikatiza kwenda shuleni, na ng'ombe wakilishwa katika nyika za ndani. Baadhi ya wageni huchukizwa na jambo hilo, wakidai kwamba wamelipa ili waone msitu, si ng'ombe. Binafsi naona kwamba upande huo ndio unaofunza zaidi. Hapo mtu huona kwa macho yake mvutano ulioko baina ya miti na vijiji vilivyojaa watu kuliko karibu maeneo mengine yote ya mashambani nchini. Isitoshe, kusini ndiko iliko miti mikubwa ya kale. Mwelekezi atakuonyesha mutere, mti ambao gome lake limechunwa na waganga kwa miaka mingi, pamoja na mikuyu iliyoanza maisha kama mbegu iliyodondoshwa na ndege juu ya mti mwingine, ikateremsha mizizi, na mwishowe ikamnyonga mwenyeji wake.

Kilima cha Lirhanda kiko upande huo wa kusini. Ukikipanda alfajiri, utaona ukungu umetanda juu ya msitu mithili ya maziwa yaliyomwagika, na jua likichomoza upande wa safu ya Nandi.

Swali la lango gani ulichague hutegemea pia utakakolala. Buyangu pana nyumba ndogo za wageni na mahali pa kupiga hema. Isecheno pana vibanda vya kulala vya bei nafuu. Aidha, ndani ya msitu upande wa kusini kuna nyumba ya mapumziko ya Rondo, iliyojengwa mwaka 1948 na mwenye kiwanda cha kupasua mbao, na ambayo baadaye ilikuja kuwa kituo cha mapumziko cha Kikristo. Bustani zake zinasifika, na bei yake si ya mfuko mwepesi. Asiyelala hapo bado anaweza kuuliza iwapo atapata chai au chakula cha mchana, mradi apige simu mapema.

Sasa tuje kwa mwelekezi, maana hapa ndipo mgeni anayejipangia anapofaidi au kuhasirika.

Waelekezi wa Isecheno wengi wamezaliwa kandokando ya msitu. Katikati ya miaka ya 1990 baadhi yao walianzisha mradi wa elimu ya mazingira unaojulikana kama KEEP, uliolenga kuwafunza watoto wa shule za karibu kuhusu msitu ambao wazazi wao walikuwa wakiufyeka. Mwelekezi mzuri humtambua ndege kwa sauti kabla hujamwona, na anajua ni mti upi umezaa wiki hii. Hilo la mwisho ndilo siri ya kuwaona wanyama, kwani nyani, kima na hondohondo hufuata matunda. Dereva wa basi kutoka Kisumu hawezi kulijua.

Ada ya mwelekezi ni tofauti na ada ya kuingia. Ya kuingia ni ya serikali na hutolewa stakabadhi. Kwa upande wa KWS hulipwa kwa njia ya mtandao wa eCitizen, kwa hivyo usifike Buyangu na noti mfukoni ukidhani zitapokewa langoni. Viwango hubadilika na hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni wa kutoka nje. Vithibitishe kabla ya safari, na ubebe kitambulisho. Ya mwelekezi, kwa upande mwingine, ni mapatano, na mapatano hufanywa kabla ya hatua ya kwanza, si baada ya kutoka msituni. Mwulize ni kwa saa au kwa njia nzima, ni kwa kila mtu au kwa kundi. Watu wanne wanaogawana mwelekezi mmoja hulipa kidogo na huona mengi. Watu kumi na watano hulipa kidogo zaidi na hawaoni kitu.

Malipo hayo madogo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Jamii zinazoishi mpakani mwa msitu zimeambiwa kwa miongo mingi waache mbao, waache makaa, wapunguze mifugo. Kisichoelezwa sana ni watapata nini badala yake. Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile iliyochukua nafasi yake mwaka 2016, zilizipa jumuiya za wenyeji nafasi ya kushiriki katika usimamizi, na huko kusini jumuiya ya Muileshi ni mojawapo ya zilizoundwa kwa njia hiyo. Lakini kwa kijana wa Shinyalu anayejiuliza kama mti uliosimama una faida kuliko gunia la makaa, jawabu lililo wazi zaidi ni mgeni aliyemlipa asubuhi ile. Msafara uliolipiwa wote Nairobi, pamoja na chakula kilichofungwa kwenye vikasha, haumwachii kitu.

Kielelezo kingine ni kikundi cha wakulima cha Muliru. Badala ya kuingia msituni kuchuma dawa, wanachama wake walianza kupanda katika mashamba yao mmea ambao Waluhya huuita mwonyi, wa jamii moja na mrehani. Majani yake hukamuliwa mafuta, nayo mafuta hutengenezwa dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kiliwasaidia kwa utaalamu, na mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mwombe mwelekezi akuulizie kama wanapokea wageni siku hiyo. Harufu ya majani yakichemshwa hukaa puani hadi jioni.

Kuhusu saa, shauri ni moja tu: uwe langoni kunapopambazuka, yaani mwendo wa saa kumi na mbili unusu. Kakamega hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu za msituni hukaribia 2,000 au zaidi. Mvua hiyo ina tabia. Asubuhi mara nyingi huwa kweupe. Mawingu hujikusanya adhuhuri. Alasiri hunyesha, tena kwa ngurumo. Anayepanga msitu asubuhi na mji alasiri huwa ameafikiana na mawingu. Anayepanga kinyume hulowa mara mbili. Miezi mikavu kidogo ni Desemba hadi Februari, na mizito ni Aprili na Mei, wakati njia za udongo huteleza hata kwa miguu, sembuse kwa gari dogo.

Valia suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu, na uingize suruali ndani ya soksi. Si kwa ajili ya nyoka, ingawa kifutu wa Gaboni na swila wa msituni wamo humo na ndiyo sababu nyingine ya kutoacha njia. Ni kwa ajili ya siafu. Mgeni aliyesimama kwa utulivu akitazama ndege, huku msururu wa siafu ukimpanda, hutoa burudani ambayo waelekezi husimuliana kwa muda mrefu. Anayelala asisahau chandarua, kwani Magharibi mwa Kenya malaria bado ipo.

Mwenye usiku wa ziada aombe matembezi ya usiku kwa tochi. Ndiyo njia pekee ya kumwona poto, mnyama mdogo mwenye macho makubwa na mwendo wa taratibu, jamaa wa komba, ambaye nchini Kenya makao yake mashuhuri ni hapa. Mwenye hamu ya kumwona kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe kama za mzee wa baraza, aulize Buyangu kuhusu Kisere, kipande kidogo cha msitu kilichojitenga kaskazini. Kisere hapaingiliki kiholela. Mipango yake hufanywa na KWS mapema.

Ikiwa siku yako moja ni Jumamosi, basi una uamuzi mgumu zaidi, maana saa zile zile za alfajiri ndizo za mapigano ya mafahali.

Mchezo huu ni wa Waisukha na Waidakho, na hufanyika katika viwanja vya Shinyalu, Khayega, Malinya na vijiji vya jirani. Haufanani na ule wa Hispania. Hakuna mtu anayemchoma fahali kwa upanga. Ng'ombe wawili hukutanishwa pembe kwa pembe, na anayegeuka akakimbia ndiye aliyeshindwa. Kabla ya hapo, kila fahali husindikizwa kutoka nyumbani na kundi la wanaume wanaoimba, wakiwa na matawi mikononi, na ngoma za isukuti zikilia. Pigano lenyewe huweza kwisha kwa dakika chache. Msafara wa kumleta fahali ndio tamasha, na ndio ambao basi kutoka Kisumu hulikosa kila mara.

Kuna watetezi wa wanyama wanaoupinga mchezo huu, na mafahali hujeruhiwa kweli. Wapo pia wazee wanaoeleza kuwa una mizizi katika mila za kuwaaga marehemu wenye heshima, na kwamba kuufanya kuwa mchezo wa kamari kumeutia doa. Mgeni ajiamulie mwenyewe. Akiamua kwenda, ajue kwamba viwanja vingi havina uzio wa kumkinga mtazamaji, na kwamba fahali aliyeshindwa hukimbilia popote penye upenyo, mara nyingi katikati ya umati. Kuwa nyuma ya mti mnene au juu ya ukingo, usisimame mstari wa mbele ukiwa umeinamia kamera, na usimlete mtoto mdogo. Tarehe na uwanja huulizwa kwa wenyeji siku mbili tatu kabla. Hakuna ratiba ya kuaminika iliyochapishwa.

Ngoma ya isukuti yenyewe iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuokolewa kwa dharura. Huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya paa. Hoteli zinaweza kukodi kikundi kikakuchezea uani baada ya chakula, na si vibaya. Ila isukuti hualikwa harusini, kwenye jando na matangani, na huko ndiko iliko hai. Ukiipata matangani, weka kamera mfukoni hadi mwenye msiba akuruhusu.

Jiwe Linalolia la Ilesi lastahili robo saa, si zaidi. Ni mwamba mrefu wenye jiwe la mviringo kileleni, mfano wa kichwa kilichoinama juu ya mabega, kando ya barabara ya Kisumu. Maji hukusanyika juu na kutiririka kifuani mwa mwamba, na hadithi za ni nani anayelia, na kwa nini, ni nyingi kuliko wasimulizi wake. Baada ya siku kadhaa za jua kali michirizi hufifia, na mgeni hujikuta akitazama jiwe tu.

Afadhali muda uliobaki uutumie kwa wafinyanzi wa Ilesi, walio papo hapo na ambao misafara huwapita kwa mwendo wa kasi. Vyungu, mitungi na vyombo vya mapambo huanikwa kando ya barabara. Waamkue kwa "Mulembe", salamu ya Kiluhya yenye maana ya amani, kabla ya kuuliza bei. Mama mfinyanzi akiwa na nafasi atakuonyesha jinsi udongo unavyokandwa na chungu kinavyoinuliwa kwa mkono. Chungu kilichochomwa vizuri hulia kama kengele ukikigonga kwa kidole. Kinachotoa sauti ya kufa kina ufa. Kifunge kwa nyasi na nguo, maana barabara ya kurudi ina matuta.

Matembezi ambayo ningemshauri msomaji asijipangie mwenyewe ni ya machimbo ya dhahabu.

Dhahabu ya Kakamega iligunduliwa mwaka 1931 na Mmarekani aitwaye L. A. Johnson, na katika miaka miwili iliyofuata Wazungu wachimbaji walifurika. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewahakikishia Waafrika kuwa ardhi ya maeneo yao ni yao daima. Dhahabu ilipoonekana, sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1932 ili ardhi itwaliwe kwa uchimbaji bila wenyewe kupewa nyingine badala yake. Neno "daima" lilidumu miaka miwili. Mgodi wa Rosterman, nje kidogo ya mji, ulichimbwa hadi mwaka 1952, na jina lake limebaki kwa mtaa.

Historia hiyo inavutia, na mwendeshaji yeyote wa bodaboda atakuambia anamjua mtu wa kukupeleka kuona wanaochimba. Fahamu kwamba uchimbaji mdogomdogo unaendelea katika sehemu nyingi za kaunti, kwamba mashimo huporomoka, hasa wakati wa mvua, na kwamba zebaki hutumiwa kuikamata dhahabu. Fahamu pia kuwa suala la ardhi na dhahabu bado ni nyeti, hususan Ikolomani, tangu kampuni ya Shanta Gold iliponunua leseni za utafutaji kutoka kwa Barrick mwaka 2020. Mgeni mwenye kamera huweza kudhaniwa kuwa mpelelezi wa kampuni. Nenda tu ukiwa na mtu anayejulikana na wenyeji wa mahali penyewe, na usiteremke shimoni hata ukibembelezwa.

Mumias, kilomita zipatazo 35 magharibi, ni ya mwenye siku ya pili. Kwa msomaji wa Kiswahili pana mvuto wa pekee, kwani misafara ya kwanza kufika huko haikuwa ya watalii. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu kutoka pwani walipafanya kituo katika njia ya kwenda Uganda, wakapaita "Kwa Sundu" kwa jina la Nabongo Shiundu, na Uislamu ukaota mizizi mapema kuliko kwingi katika bara la Kenya. Mvumbuzi Joseph Thomson alifika mwaka 1883 na kumkuta mwanawe, Nabongo Mumia, ambaye aliishi hadi mwaka 1949. Makao ya serikali ya wilaya yalikuwa Mumias hadi yalipohamishiwa Kakamega mwaka 1920. Kuna kituo cha utamaduni cha Nabongo huko Matungu, penye makaburi ya kifalme. Piga simu kwanza, na ukifika Ijumaa mchana, usitarajie kumkuta mwelekezi kabla ya swala kwisha.

Kwa wenye siku moja tu, rai yangu ni hii: Isecheno alfajiri, chakula Kakamega mjini ambako hakuna haja ya kuuliza kama kuna kuku, kisha Ilesi njiani mkirudi. Jumamosi, badilisha msitu kwa mafahali ikiwa ulikwisha kuuona msitu hapo awali.

Usafiri wa ndani hautatizi sana. Matatu huenda Shinyalu kutoka mjini na kutoka Khayega, na bodaboda humalizia safari hadi Isecheno. Kwa Buyangu, panda matatu ya Malava au Webuye, mwambie kondakta akushushe penye kibao cha KWS, na utembee au upande bodaboda. Ila matatu za alfajiri ni chache, kwa hivyo anayelala mjini apatane na teksi usiku uliotangulia, alipe nusu, na nusu nyingine amalizie akirudishwa.

Wenye ndege ya jioni wajihadhari na kilomita hamsini hivi za kurudi Kisumu. Kwa ramani ni saa moja na kidogo. Lakini barabara hupita katikati ya masoko ya Chavakali, Mbale na Majengo, na siku za soko malori, mikokoteni na bodaboda hushindania njia moja, huku mvua ya alasiri ikiteremka kutoka vilima vya Maragoli. Anayepaswa kuwa uwanjani saa kumi na moja aondoke Ilesi kabla ya saa nane.